Karate ukiwa na miaka 45? Naam, lakini pima presha kwanza

Na Daktari Wetu

JE, msomaji, lile vazi lako jeupe la karate lingali sandukuni? Na ule mkanda wa kahawia ulioupata kwa jasho ukiwa na miaka 20, umewahi kuujaribu kiunoni siku hizi ukaona ncha zake hazifiki zilikokuwa zikifika?

Ikiwa ulikuwa kijana mjini katika miaka ya 1980 au 1990, yamkini wewe au rafiki yako mlipitia katika ukumbi fulani wa mtaa ambako karate, judo au taekwondo ilifunzwa jioni. Filamu ya Bruce Lee ya mwaka 1973, "Enter the Dragon", ilikuwa imewasha moto miongoni mwa vijana kote ulimwenguni, na "The Karate Kid" ya mwaka 1984 ikauchochea. Kisha zikaja kazi, ndoa, watoto, karo na mkopo wa nyumba. Mazoezi yakawekwa kando. Sasa kitambi kimeanza kukutangulia mlangoni, na mwanao amejiunga na darasa la taekwondo shuleni. Unamtazama akipiga teke, na mguu wako wenyewe unawasha.

Ushauri wangu ni huu: rudi. Michezo hii hufanya kazi mwili mzima. Huimarisha moyo, misuli, mifupa na uwezo wa kusimama bila kuyumba, na pia humpa mtu marafiki na utulivu wa akili. Hata hivyo, rudi kama mtu mzima, wala si kama yule kijana uliyemwacha ukumbini miaka 25 iliyopita.

AKILI HUKUMBUKA, KANO HUSAHAU

Ubongo ni mtunzaji hodari wa mambo ya mwili. Mtu aliyejifunza kuendesha baiskeli utotoni hasahau, na aliyerudia teke moja mara elfu kadhaa vilevile hasahau. Siku ya kwanza utakaporudi utashangaa jinsi miguu inavyojipanga yenyewe. Hapo ndipo hatari inapojificha, kwa maana wakati ubongo umehifadhi teke la miaka 20, mwili unaotakiwa kulipiga una miaka 48.

Baada ya miaka 30, mtu asiyefanya mazoezi hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka kumi. Uwezo wa moyo na mapafu kusambaza hewa mwilini nao hushuka kwa takriban asilimia 10 katika kila miaka kumi. Kano, zile kamba ngumu zinazofunga misuli kwenye mifupa, hupungukiwa na unyumbufu. Gegedu la goti, ambalo halina mishipa ya damu, hupona kwa shida likikwaruzika.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba viungo hivi havirudi kwa mwendo mmoja. Pumzi na misuli huanza kuitikia mazoezi baada ya wiki chache tu. Kano huhitaji miezi. Hivyo basi, mwishoni mwa mwezi wa kwanza utajihisi una nguvu kama simba, ilhali kamba zinazoshikilia nguvu hizo bado ni zile za mtu aliyekuwa akikaa kwenye kiti cha ofisi. Wengi wa wagonjwa ninaowaona huumia katika kipindi hicho, au siku ya kwanza kabisa.

KISHINDO NYUMA YA MGUU

Karani mmoja wa miaka 46 aliletwa kwangu asubuhi akichechemea. Jioni iliyotangulia alikuwa amerudi kwenye taekwondo baada ya miaka 19. Alipasha mwili moto kwa dakika tano hivi, kisha vijana wakamwomba aonyeshe teke la kuruka alilosifika nalo. Alipojisukuma kuruka alisikia kishindo nyuma ya mguu, akageuka kuona ni nani aliyempiga. Hapakuwa na mtu nyuma yake.

Kano ya kisigino ilikuwa imekatika. Hiyo ndiyo kano nene kuliko zote mwilini, lakini sehemu yake iliyo sentimita chache juu ya kisigino hupata damu kidogo, na wanaume wa kati ya miaka 30 na 50 wanaocheza mara mojamoja ndio hasa hukatikiwa nayo. Nyumbani alikuwa ameambiwa ni msuli tu umeteguka, akachuliwa kwa mafuta ya moto. Alidanganyika kwa sababu bado aliweza kuuchezesha wayo kwa kutumia misuli mingine.

Mbinu ya kutambua ni rahisi. Mgonjwa hulala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, kisha daktari huminya shavu la mguu. Kano ikiwa nzima, wayo husogea. Ikiwa imekatika kabisa, wayo hautikisiki. Dalili nyingine ni kushindwa kusimama kwa vidole vya mguu huo. Matibabu ni plasta au kiatu maalumu, au upasuaji, na hufaa yakianza mapema. Hata hivyo, kurudi ukumbini huchukua kati ya miezi sita na mwaka. Karani wetu alikaa miezi hiyo akitembea kwa magongo, akipanda matatu kwa kusaidiwa na makanga, yote kwa ajili ya teke moja.

NI NANI AMWONE DAKTARI KWANZA?

Kila mwenye miaka 40 na zaidi ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu afaa kupimwa kabla ya kuvaa mkanda. Si kwa sababu karate ina sumu. Ni kwa sababu miongoni mwa watu waliopita miaka 35, kifo cha ghafla michezoni husababishwa zaidi na mishipa ya moyo iliyoziba pole pole bila mwenyewe kujua.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Presha haipigi hodi. Mama mmoja mfanyabiashara, mwenye miaka 51, alikuja kwangu akitaka barua tu ya kumruhusu kurudi kwenye judo. Hakuwa akiumwa popote. Kipimo kilisoma 190 kwa 114. Nilipima tena baada ya kupumzika, na tena siku iliyofuata, na hali ikawa ileile. Barua hakupata siku hiyo. Alipata dawa, akapunguza chumvi na kuanza kutembea kila asubuhi, na baada ya miezi mitatu presha ilipotulia akaenda kwenye mkeka. Laiti angeenda moja kwa moja, huenda tungezungumza habari nyingine.

Kwa jumla, presha ikifika 140 kwa 90 katika vipimo kadhaa, anza matibabu na mazoezi mepesi kwa pamoja. Ikifika 180 kwa 110, usifanye mazoezi mazito hadi ishuke. Pima pia sukari na mafuta katika damu. Mweleze daktari ukweli kuhusu sigara, pombe, na kama baba, mama au ndugu yako alipatwa na ugonjwa wa moyo angali kijana. Ikiwa umewahi kubanwa na kifua ukipanda ngazi, kuzirai, kuhisi moyo ukienda mbio ovyo, au kuishiwa na pumzi kuliko wenzako wa rika moja, huenda ukahitaji kipimo cha umeme wa moyo na uchunguzi zaidi.

Wewe mwenye kisukari, jambo moja la ziada. Karate na judo huchezwa miguu mitupu. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo, nawe waweza kukanyaga kipande cha msumari usijue hadi kidonda kioze. Chunguza nyayo zako kabla na baada ya kila zoezi, na uliza kama unaweza kuvaa viatu vyepesi vya mazoezi. Ikiwa unatumia insulini au vidonge vya glibenclamide, sukari yaweza kushuka ghafla ukiwa ukumbini. Beba kitu kitamu, na mwambie mwalimu wako mapema. Pia pimwa macho, maana mishipa ya ndani ya jicho iliyodhoofika kwa kisukari yaweza kuvuja damu kwa kujikamua au kupigwa kichwani.

DAWA ULIZO NAZO NYUMBANI

Ziko dawa zinazobadilisha hesabu. Dawa za presha za kundi la atenolol na propranolol huzuia moyo kwenda mbio, hivyo usijipime kwa mapigo ya moyo ukizitumia. Wanaomeza dawa za kuzuia damu isigande, kama warfarin, wasipigane kabisa, hata kwa mchezo, kwa kuwa pigo dogo la kichwa laweza kuvujisha damu ndani ya fuvu.

Nyingine ni ciprofloxacin, ambayo wengi wetu humeza kwa homa ya matumbo au ugonjwa wa njia ya mkojo. Dawa hii na za jamii yake zimejulikana kudhoofisha kano, hasa ya kisigino, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru zitiwe onyo kali. Hatari huwa kubwa kwa waliopita miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za steroidi. Ukiwa umeitumia hivi karibuni, usiruke wala kukimbia kasi kwa wiki kadhaa, na ukihisi maumivu kisiginoni, simama na umwone daktari.

Kadhalika, usimeze vidonge vya diclofenac au Brufen kabla ya mazoezi ili usihisi maumivu. Huo ni mfano wa mtu kuzima king'ora huku mwizi yumo ndani. Isitoshe, dawa hizo hupandisha presha, huchoma tumbo na huumiza figo, hasa mtu akiwa ametoka jasho jingi bila kunywa maji.

MIEZI MITATU YA KWANZA

Haraka haraka haina baraka. Huu hapa mpango ninaowapa wagonjwa wangu.

Wiki ya 1 hadi ya 4: Tembea kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Simama kwenye ngazi, jiinue kwa vidole, kisha shusha visigino pole pole, mara 15, upumzike, urudie mara tatu. Fanya hivyo kila siku nyingine. Ongeza kuchuchumaa nusu na kuinuka, ukishika kiti. Ukumbini nenda mara moja kwa wiki, ujifunze upya kusimama, kupumua na kuanguka.

Wiki ya 5 hadi ya 8: Nenda ukumbini mara mbili kwa wiki, na siku mbili za mapumziko kati yake. Fanya kata, yaani mipangilio ya mapigo bila mpinzani. Mateke yasipite kiuno. Bado usiruke.

Wiki ya 9 hadi ya 12: Ongeza kasi kidogo kidogo, mateke ya kifuani, mazoezi ya wawili wawili yaliyopangwa. Pambano huru lisubiri mwezi wa nne, na liwe la kugusana kwa wepesi.

Katika kila zoezi, pasha mwili moto kwa dakika 15 kamili. Kunyoosha misuli kwa kuivuta na kuishikilia muda mrefu kufanywe mwishoni, mwili ukiwa moto.

Je, utajuaje kama unajikaza kupita kiasi? Toa umri wako kutoka 220. Mwenye miaka 48 atapata 172. Katika mwezi wa kwanza mapigo yake yawe kati ya 103 na 129 kwa dakika, yaani asilimia 60 hadi 75. Hesabu kwa sekunde 15 kisha uzidishe kwa nne. Kipimo kingine hakihitaji saa: ikiwa waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, unakwenda sawa. Ikiwa hata sentensi moja haitoki, punguza.

Wenye presha wawe macho na mtindo wa kukaza mwili mzima huku pumzi imezibwa, kama afanyavyo mtu asiyefunzwa vyema anapocheza kata ya Sanchin. Kuziba pumzi namna hiyo huipandisha presha ghafla. Toa pumzi unapopiga. Ule ukelele wa karate hauko pale kwa mapambo tu. Hukusaidia kutoa hewa.

Maumivu ya misuli ya siku moja hadi tatu baada ya zoezi ni ya kawaida. Ila maumivu makali kupita kiasi, misuli ikivimba na mkojo kuwa na rangi ya soda nyeusi, si ya kawaida. Ni dalili kwamba misuli imevunjikavunjika na mabaki yake yanaziba figo. Kunywa maji na uende hospitali siku hiyohiyo.

KICHWA SI NGOMA

Kwa mtu wa makamo anayetegemewa na familia, pigo la kichwani halina faida yoyote. Tafuta ukumbi ambao mwalimu wake huwazuia vijana kulenga kichwa cha wazee. Vaa kinga ya meno, na wanaume kinga ya sehemu za siri.

Ukipigwa au kuanguka kichwa kikagonga chini, kisha ukaumwa na kichwa, ukachanganyikiwa, ukaona maluweluwe au kusahau kilichotokea, ondoka mkekani na usirudi siku hiyo, hata ukijihisi umepona. Pumzika siku moja au mbili, kisha urudi hatua kwa hatua kwa ushauri wa daktari. Maumivu yakizidi, ukitapika tena na tena, ukisinzia ovyo, mboni moja ya jicho ikipanuka kuliko nyingine, au ukipatwa na kifafa, hiyo ni dharura. Usilazwe nyumbani "apumzike kwanza". Upelekwe hospitali.

KWA AKINA MAMA

Baada ya hedhi kukoma, mifupa ya mwanamke hupungua uzito kwa kasi. Mazoezi ya kubeba uzito wa mwili huisaidia, na kujua kuanguka vizuri, ambako wana-judo hukuita ukemi, ni akiba ya uzeeni. Lakini aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo apimwe kabla ya kuanza kutupwa mkekani. Wale waliozaa na ambao mkojo huwachomoka wakiruka wasione haya. Yako mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga ambayo hupunguza tatizo hilo, na daktari au mkunga atawaelekeza.

USAFI WA MKEKA

Mkeka unaochezewa na wengi hueneza choa, majipu na malengelenge ya midomo yanayoambukiza ngozi. Oga mara tu baada ya zoezi, fua vazi lako kila mara, kata kucha, na usicheze ukiwa na kidonda kisichofunikwa. Mtu akitokwa na damu, mchezo usimame, kidonda kifungwe na mkeka usafishwe kwa dawa. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B.

UKIUMIA

Ukiteguka kifundo au goti, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bendeji bila kukaza sana, na uinue mguu. Katika saa 48 za kwanza usichue wala kukanda kwa maji moto, kwani uvimbe utazidi. Kama huwezi kutembea hatua nne, kama kiungo kimepinda, au goti limefura mara moja, nenda upigwe picha ya eksirei.

Na ukihisi kifua kinabanwa, maumivu yakielekea kwenye mkono au taya, jasho baridi likikutoka, keti chini. Usisubiri uone kama yatapita. Mwambie mwenzako akufikishe hospitali.

USISHINDANE NA PICHA YA ZAMANI

Wako watakaosema umri ni nambari tu, na kututajia George Foreman, aliyetwaa tena ubingwa wa dunia wa ndondi mwaka 1994 akiwa na miaka 45, miaka 20 baada ya kuangushwa na Muhammad Ali kule Kinshasa. Ni kweli. Ila wanasahau kwamba Foreman alirudi ulingoni mwaka 1987. Alijijenga kwa miaka saba kabla ya usiku ule.

Mimi humpenda zaidi Keiko Fukuda, mwanamke mfupi mzaliwa wa Japani aliyefundisha judo huko San Francisco. Alipewa daraja la kumi, lililo la juu kabisa, mwaka 2011 akiwa na miaka 98, na alifariki mwaka 2013 akiwa angali mwalimu. Hakuendelea kwa kushindana na wasichana wa miaka 20. Aliendelea kwa sababu alicheza kulingana na mwili aliokuwa nao kila mwaka.

Kwa hivyo, msomaji, litoe vazi hilo sandukuni ulianike juani. Lakini kabla ya Jumamosi, pitia kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe upimwe presha. Ni shughuli ya dakika chache. Kisha mwambie mwalimu umri wako, maradhi yako na dawa unazotumia, na umwombe akuweke mstari wa nyuma pamoja na wanaoanza. Hakuna aibu kufunga mkanda mweupe tena.